Redio, Mabango na Hadhari ya UKIMWI: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Mtaalamu

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini Tanzania, mkoani Kagera, mwaka wa 1983, redio, magazeti na mabango yamebebeshwa sehemu kubwa ya kazi ya kuwahadharisha watu. Baadhi ya wasomaji wetu wameuliza kama kazi hiyo imefaa kitu. Maswali yao tumeyapeleka kwa mtaalamu wa elimu ya afya ya jamii, naye ameyajibu kama ifuatavyo.

Je, matangazo haya yanaelimisha kweli, au hupita masikioni tu?

Ikiwa muulizaji ataka kujua habari ya maarifa peke yake, nitamjibu bila ya kusita kwamba yanaelimisha, kwani ni nadra leo kumkuta mtu mzima asiyepata kusikia habari za maradhi haya. Lakini baina ya kujua na kutenda pana masafa marefu. Mtu aweza kuzitaja njia zote za maambukizi bila ya kukosea hata moja, kisha usiku ule ule akatenda kinyume cha aliyoyataja, si kwa ujinga, bali kwa kuwa mwenziwe hataki kondomu, au kwa kuwa aona haya kuinunua katika duka la mtu anayemjua baba yake, au kwa kuwa moyoni mwake ameitakidi kwamba janga hili limeandikiwa watu wengine. Elimu isiyoyagusa mambo hayo matatu, hata ikitangazwa asubuhi na jioni, haitamfikisha mbali.

Upo mfano wowote uliothibitishwa wa matangazo yaliyogeuza mwenendo wa watu?

Upo, tena ni wa hapa kwetu, nami nastaajabu kwamba wageni huutaja kuliko sisi wenyewe. Mnamo Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa *Twende na Wakati*, uliotungwa kwa kufuata taratibu za Miguel Sabido wa Meksiko, ambaye katika michezo yake aliweka watu wa namna tatu: mwema wa kuigwa, mpotovu wa kuepukwa, na yule asitasitaye baina ya wawili hao, ambaye ndani yake msikilizaji aghalabu huiona nafsi yake mwenyewe. Mpotovu wa mchezo wetu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi katika vituo vya njiani, aliyekuja kupatwa na UKIMWI. Na mkewe, Tunu, alionyeshwa akijifunza hatua kwa hatua kusimama kwa miguu yake. Wasikilizaji hawakuhutubiwa. Walifuata maisha ya jirani kwa muda mrefu, na adhabu ya Mkwaju haikuja ghafla kama radi, ila ilichipuka katika matendo waliyoyashuhudia tangu mwanzo.

Jambo lililoupa mchezo huo sifa ya pekee ni namna ulivyopimwa. Mtambo wa Dodoma uliachwa nje kwa makusudi hadi mwaka wa 1995, ukarusha vipindi vingine saa ile ya mchezo, ili wataalamu, wakiwamo Everett Rogers na Peter Vaughan pamoja na wenzao Watanzania, wapate kulinganisha watu waliousikia na wasiousikia. Katika sehemu zilizousikia, wanaume kwa wanawake walieleza kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi, na matumizi ya kondomu yaliongezeka. Na mchezo ulipofika Dodoma, mageuzi ya namna ile yakaanza kuonekana huko pia. Katika wasikilizaji, asilimia 82 walisema wamechukua hatua fulani ya kujikinga kwa sababu ya mchezo.

Hesabu hiyo ya mwisho naipokea kwa tahadhari, kwa maana mtu akiulizwa habari za chumbani mwake na mgeni mwenye karatasi na kalamu, huenda akajibu lile analodhani lapendeza. Ulinganifu na Dodoma ndio unaonituliza moyo. Na zaidi ya hesabu zote, kuna jambo moja waliloligundua watafiti wale ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari yote: mchezo ulifanya kazi yake kwa kuwa uliwafungua watu vinywa. Mke na mume walipata la kusema juu ya Mkwaju, na kwa kumsema Mkwaju wakayasema ya kwao, bila ya yeyote kumtuhumu mwenziwe. Redio haikumgeuza mtu. Ilimpa kisingizio cha heshima cha kuanza mazungumzo ambayo mila ilikuwa imeyafunga.

Na mabango ya kutisha ya zamani, yaliyosema kwamba UKIMWI unaua, yalikuwa na manufaa?

Yalisemwa kwa nia njema, katika miaka ambayo dawa haikuwapo. Lakini hofu isiyofuatana na njia ya kutokea humfanya mtu ajifiche, akawa hataki kupima, na walio wagonjwa wakaonewa kana kwamba ni wahalifu. Kilichosaidia kuuvunja ukuta huo ni watu waliojitokeza kwa sura na majina yao: mwimbaji Philly Lutaaya alipowatangazia Waganda mwaka wa 1989 kwamba anao ugonjwa huo, na huku kwetu Rais Kikwete na mkewe walipopima hadharani Julai 2007 katika kuizindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari.

Mimi ni mke wa mtu, na hayo yote nayajua. Mume wangu husafiri, wala siwezi kumwambia avae kondomu. Redio yanifaa nini?

Bibi, swali lako ni zito, nami sitakudanganya: tangazo linalomwambia mwanamke ajikinge, ilhali uamuzi umo mikononi mwa mwingine, limemtwisha mzigo asio na uwezo wa kuutua. Ndiyo maana nathamini matangazo yaliyomkabili mwanamume mwenyewe. Yale ya *Fataki*, yaliyosikika mwishoni mwa miaka ya 2000, yalimlenga mtu mzima anayewarubuni wasichana kwa fedha, na jina hilo likaingia vinywani mwa watu hata likatosha kumfedhehesha mhusika mbele ya wenziwe. Kwa upande wako, jambo lililo karibu ni kupima, nanyi mkikubaliana, kupima pamoja kliniki.

Mimi ni muuguzi. Redio ya jamii ya wilaya yetu imenipa dakika kumi kila wiki. Niseme nini?

Usizimalize kwa kurudia njia za maambukizi, kwani wengi wanazijua. Sema lile ambalo bado halijawafikia wengi: kwamba mwenye virusi anayetumia dawa zake sawasawa, hata vipimo vikawa havivioni tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana, kwamba mama akitumia dawa aweza kuzaa na kunyonyesha mtoto aliye salama, na kwamba zipo dawa za kujikinga kwa asiyeambukizwa aliye katika hatari. Kisha taja zahanati kwa jina, siku na saa za kupima, mlango wa kuingilia, na kwamba hapatozwi kitu. Dakika zilizobaki waachie wasikilizaji wapige simu bila ya kutaja majina, na swali usilolijua uahidi kulijibu wiki ijayo, kisha ulijibu kweli.