Askari aliyerudi mzima, je, kweli amerudi?

KATIKA mtaa tuliokulia alikuwepo mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Alikwenda akiwa mgambo, kijana wa miaka ishirini, akarudi mwaka 1979 na viungo vyake vyote, na jamaa zake wakamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba amerudi mzima. Sisi watoto tulimjua kwa jambo jingine. Usiku wa kuamkia Idi, zikipigwa fataki, alikuwa akiingia uvunguni mwa kitanda na hatoki mpaka mkewe ambembeleze. Tulikuwa tukizipasua makusudi karibu na dirisha lake. Leo nikikumbuka naona haya.

Wakubwa nao walikuwa na tafsiri zao. Wapo waliosema amerudi na majini kutoka Uganda. Wapo waliosema imani yake ni haba, kwani mwenye kumtegemea Allah haogopi baruti. Akazungushwa kwa waganga, akapungwa, fedha zikaisha. Hakuna aliyemuuliza aliona nini huko.

Ndugu msomaji, tusidhani ujinga huu ni wa mtaani kwetu peke yake. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet juu ya askari waliopotewa na kumbukumbu na hata uwezo wa kuona vizuri baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Makamanda wengi waliona ni woga tu. Katika vita hivyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi mamia ya askari wake lenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga, na inaaminika baadhi yao walikuwa wagonjwa wa namna hii. Msamaha kwa 306 kati yao ulikuja mwaka 2006. Nani wa kuupokea?

Ni baada ya vita vya Vietnam ndipo wataalamu wa Marekani, mwaka 1980, walipouingiza rasmi ugonjwa huu wa kiwewe katika orodha ya maradhi ya akili. Maelezo yake si magumu. Mtu akikabiliwa na kifo, mwili wake hujihami: moyo hwenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukatika. Hiyo ni neema, na wengi hutulia baada ya muda. Lakini kwa baadhi hali hiyo haizimiki. Amekaa barazani Tanga, mwili wake bado uko mstari wa mbele. Huchagua kukaa mgongo ukutani, macho mlangoni. Mtoto akimgusa usingizini anaweza kumpiga kabla hajamtambua. Mkewe hudhani hapendwi, maana mume amekufa ganzi, hacheki harusini wala halii msibani. Wengine hukimbilia pombe ili walau walale, na hapo ndipo sisi huanza kuhukumu.

Na lipo jeraha jingine, ambalo kwangu mimi ndilo zito zaidi. Mwaka 2009 mwanasaikolojia wa Marekani Brett Litz na wenzake waliandika juu ya askari wanaoteswa si na hofu ya kuuawa bali na yale waliyoyafanya wao wenyewe, au waliyoyaona yakifanywa wasiyazuie. Huyu haogopi fataki. Huyu anajiogopa mwenyewe.

Juni 2021 Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani kilitoa utafiti uliokadiria kwamba askari wa nchi hiyo waliotumikia vita vilivyofuata Septemba 11, 2001, waliokuwa kazini na waliostaafu, waliojiua ni 30,177. Waliokufa katika operesheni zenyewe ni 7,057. Najua baadhi ya wasomaji watasema waache wavune walichopanda Iraq na Afghanistan. Mimi sina hamu ya kushangilia, na tena watu wa Iraq na Afghanistan wamebaki na kiwewe hicho hicho bila hata wa kuwahesabu. Sisi wenyewe tuna vijana wetu. Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania walishambuliwa kambini Semuliki, Kivu ya Kaskazini, na 14 wakauawa usiku ule. Majeneza tuliyapokea kwa heshima. Waliotoka hai wako mitaani na misikitini mwetu.

Matibabu yapo. La msingi ni mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu, wiki kadhaa, mgonjwa akilirudia tukio hatua kwa hatua mpaka lipungue makali, na zipo dawa zinazowasaidia baadhi. Sisemi asisomewe ruqya. Nasema ruqya isiwe kisingizio cha kutompeleka hospitali, na jina la Mirembe lisitutishe kana kwamba anayetibiwa akili amekwisha kuwa chizi.

Nirudi kwa yule mzee. Miaka michache iliyopita alinisubiri baada ya darsa. "Ustadh," akaniambia, "mtu aliyefanya jambo vitani, toba yake inapokelewa?" Nikamjibu haraka kama ninavyowajibu wanafunzi: rehema ya Allah ni pana, masharti ya toba ni haya na haya. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakuuliza tena.

Baadaye nilikuwa nikisomesha hadithi ya Wahshi katika Sahih Bukhari, hadithi niliyoisomesha mara nyingi. Tunaikumbuka kwa sababu ya kuuawa Hamza siku ya Uhud. Lakini tazama inavyoanza: watu wawili wanamtembelea Wahshi nyumbani kwake Homs, miaka imepita, wanamwomba awasimulie. Naye anasimulia yote, mkuki ulivyoingia, alivyokimbilia Taif, alivyosilimu na Mtume (s.a.w.) akamwomba asijionyeshe mbele yake, mpaka alivyomchoma Musaylima Yamama. Uislamu wake ulikubaliwa, na bado lile jambo halikumtoka. Wale wageni wawili walikaa wakamsikiliza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya Alasiri, nilikwenda kwa mzee. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kwa jibu langu, na kwa zile fataki pia. Alicheka kidogo kwa hizo fataki. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, nami sikumwingilia. Akaanzia kwenye daraja la Kyaka, na adhana ya Magharibi ilitukuta hatujafika Masaka.