Kuipa Kompyuta ya Zamani Mfumo Mpya



Wengi wenu mmeniuliza ni kitu gani kilichofanyika katika kompyuta ya maktaba muhula uliopita, hata ikaacha uvivu wake. Wengine husema kwamba imenunuliwa mpya. La, ni ile ile. Nimeona yafaa nieleze kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila mwenye kompyuta iliyozeeka aweza kuifanya mwenyewe. Ya pili, nusura nipoteze kitu ambacho shule yetu isingekipata tena, na sipendi mwingine afike pale nilipofika mimi.

Mfumo ni nini?

Kompyuta ina sehemu za kushikika, kama vile prosesa, ramu na diski. Lakini sehemu hizo hazijui la kufanya mpaka iamke kwanza programu moja kubwa, yenye kuzigawia kazi, kama kiranja agawavyo zamu bwenini. Programu hiyo huitwa mfumo wa uendeshaji. Windows ni mfumo wa namna hiyo, na Ubuntu pia.

Kusakinisha mfumo upya kwa usafi ni kufuta kila kitu kilichomo diskini na kuanza tena, wala si kuweka toleo jipya juu ya la zamani. Ni kama kubomoa nyumba hata msingi, si kupaka chokaa.

Je, kila abadilishaye vifaa hana budi kufanya hivyo? Hapana. Ukiongeza ramu tu, aghalabu utawasha kompyuta na kuendelea na kazi. Ukibadili diski, waweza kunakili diski nzima ya zamani katika ile mpya. Lakini ukibadili ubao mkuu, viendeshi vya ubao wa zamani hubaki na huweza kuleta matata. Hapo kuanza upya ni bora. Hali kadhalika mfumo ulioingiwa na virusi. Na iko sababu nyingine, ambayo ndiyo iliyotupata sisi.

Hesabu ya biti 32

Mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii alituletea zawadi: ramu ya gigabaiti 8 na diski mpya ya SSD ya gigabaiti 240. Kompyuta ya maktaba ilikuwa na ramu ya gigabaiti 2 tu. Tulitia ramu mpya kwa furaha, tukawasha, tukatazama. Kompyuta ilikiri kwamba ina gigabaiti 8, lakini ikasema yaweza kutumia 3 na kitu. Tulidhani ramu ni mbovu. Kumbe kosa halikuwa la ramu.

Ramu ni kama safu ya visanduku vya posta, kila kimoja na nambari yake. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya biti 32, yaani huandika kila nambari ya kisanduku kwa tarakimu 32 za 0 na 1. Waliosoma vipeo watajua kwamba nambari zinazopatikana ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Hizo ndizo gigabaiti 4, na baadhi ya nambari hizo zilikwisha kushikwa na vifaa vingine vya kompyuta. Visanduku vilivyosalia vilikuwapo, lakini karani hakuwa na nambari ya kuvifikia.

Prosesa yetu ilikuwa na uwezo wa biti 64, ila alieyeisakinisha zamani aliweka mfumo wa biti 32. Hakuna njia ya kuupandisha mfumo wa biti 32 ukawa wa 64 ukiwa mahali pake. Dawa ni moja: kufuta na kuanza upya.

Tuchague mfumo gani?

Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, nayo kompyuta yetu haina. Kwa hiyo tulichagua Ubuntu, toleo la 24.04 lililotolewa Aprili 2024, ambalo hutunzwa kwa miaka mitano. Lataka ramu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 25 diskini. Mfumo huu ulianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2004. Sisi Wanyarwanda jina lake twalielewa bila kufundishwa, kwani ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu kitolewacho ku buntu ni kitu cha bure. Nao mfumo huo kweli ni wa bure.

Nilivyoponea chupuchupu

Sasa nieleze kosa langu. Katika kompyuta ile ilikuwamo orodha ya wanafunzi wote waliopita hapa. Mwalimu mmoja aliyekwisha staafu aliiandika kwa miaka mingi, jina kwa jina, kutoka katika vitabu vya zamani na kwa kuwauliza wazee. Baadhi ya vitabu hivyo vilipotea mwaka 1994, na baadhi ya wazee alioongea nao wamekwisha fariki. Majina hayo, zaidi ya elfu moja, hayakuwa mahali pengine popote.

Nilipewa kazi ya kunakili mafaili katika flashi. Nilinakili kila nilichokiona mbele ya kioo, na folda za nyaraka na za picha. Jina la orodha nililiona kwenye flashi kwa macho yangu. Nilikuwa nimekwisha kuuanza usakinishaji, nami nakaribia kubonyeza neno la kufuta, ndipo mwalimu wa maktaba akaingia.

“Umenakili vyote?” akauliza.

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Umezifungua hizo nakala katika kompyuta nyingine?”

“Bado, Mwalimu, lakini nimeyaona majina yake yote.”

“Mwanangu, kuona jina la kitabu si kukisoma. Acha hapo, nenda ukavifungue.”

Nilikwenda nikinung’unika moyoni, maana saa ya chakula ilikuwa imewadia. Picha zilifunguka. Barua zilifunguka. Orodha haikufunguka, kompyuta ilisema faili hilo halionekani. Nikatazama ukubwa wake: kilobaiti mbili. Majina zaidi ya elfu moja hayawezi kuenea katika kilobaiti mbili. Nilichokinakili kilikuwa njia mkato, yaani kibao kinachoonyesha faili liliko, si faili lenyewe. Orodha yenyewe ilikuwa katika folda nyingine ndani kabisa ya diski, ambayo sikuwahi kuifungua.

Mikono ilinitetemeka. Laiti mwalimu angechelewa kwa dakika moja, ningalikuwa nimeyafuta majina ya watu ambao hawakuniudhi kwa lolote. Nilirudi, nikazima kompyuta bila kubonyeza kitu, nikaanza tena tangu mwanzo. Na safari hii nilifuata taratibu zifuatazo, ambazo nawapa nanyi.

Taratibu za kufuata

Kwanza, nakili mafaili yako, kisha yafungue katika kompyuta nyingine, moja moja yale ya maana. Nakala isiyofunguliwa usiihesabu kuwa nakala. Tazama na ukubwa wa kila faili, ulinganishe na lile la asili.

Pili, weka nakala ya pili katika nyumba nyingine. Sisi wa Rubavu hatuhitaji kuambiwa kwa nini. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na mitetemeko ya siku zilizofuata ikapasua nyumba nyingi za mji wetu. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani mwa watu. Flashi iliyo katika mtoto wa meza ile ile yenye kompyuta itapotea pamoja na kompyuta.

Tatu, andika katika karatasi maneno yako ya siri, majina ya programu utakazozihitaji, na aina ya printa yako. Mwenye Windows ya kununua na aandike pia ufunguo wa leseni yake, kwani ubao mkuu ukibadilishwa, Windows yaweza kukuuliza tena haki yako ya kuitumia.

Nne, tayarisha flashi ya kusakinishia. Iwe na gigabaiti 8 au zaidi, na isiwe ile yenye nakala zako, kwa kuwa nayo itafutwa. Pakua mfumo kutoka kwa wenyewe walioutengeneza. Ule unaouzwa sokoni ukiwa umevunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi ndani yake. Faili la Ubuntu lina karibu gigabaiti 6. Kwa hiyo lipakue mara moja, ulitumie kwa kompyuta zote.

Tano, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma ili umeme wa mwilini utoke, kisha ondoa diski ya zamani kabisa. Hatua hii wengi huiruka. Diski yetu ya zamani ilikuwa ya gigabaiti 250 na mpya ya 240. Katika orodha ya msakinishaji hutofautiana kidogo sana, na aliyechoka huchagua isiyo yake. Diski isiyokuwamo haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Ibandike karatasi yenye tarehe, uiweke kabatini.

Sita, chomeka flashi, washa, na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kompyuta za Dell na za Lenovo mara nyingi hutumia F12, za HP hutumia Esc au F9. Ubuntu hukuruhusu kuujaribu kwanza bila kusakinisha. Usikatae ruhusa hiyo: jaribu kibodi, sauti na intaneti kabla ya kuamua. Kama ni kompyuta ya mkononi, iwe na betri iliyojaa na waya umechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi utaianza tena.

Saba, kazi ikiisha, sasisha mfumo, tazama kama vifaa vyote vyatambuliwa, ndipo urudishe mafaili. Kisha yafungue tena! Diski ya zamani usiifute mpaka umeitumia kompyuta kwa muhula mzima, kwani kuna vitu ambavyo hukumbuki kuwa unavyo mpaka siku unapovitaka.

Kompyuta yetu sasa yatumia gigabaiti zote 8. Zamani tuliiwasha tukaenda kuchota maji, tukarudi ikiwa bado inafikiri. Sasa huamka kabla hujavuta kiti. Lakini nikiulizwa ni jambo gani kubwa nililojifunza, sitataja kasi. Kazi ya kusakinisha huifanya mashine yenyewe kwa muda mfupi. Kazi ya mtu ni ile itanguliayo, ya kujua ni kitu gani kisichoweza kupatikana tena, na kuhakikisha kwamba kiko salama, kwa kukifungua na si kwa kudhani.

Orodha ya majina iko salama, nayo sasa ina nakala tatu, moja yake ikiwa nje ya shule. Nawaomba ninyi mliotutangulia katika shule hii, mkipita Gisenyi, mwingie maktabani mjitazame humo. Mwenye jina lililoandikwa vibaya, au ajuaye jina la mwenzake lisilokuwamo, na atuambie tuliongeze upesi, maadamu wanaokumbuka bado wapo.