Mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakukubagua

Keshia wa duka kubwa anatoa taarifa kwamba ni mjamzito. Wiki inayofuata anaondolewa kaunta na kupelekwa stoo kupanga katoni. Akimaliza likizo ya uzazi anakuta nafasi yake ina mtu, naye anaambiwa akae nyumbani asubiri kupigiwa simu. Wengi wakifikishwa hapo husalimu amri kwa kuamini kwamba hawana ushahidi. Wasikate tamaa, kwani sheria iko upande wao.

Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005.

Katazo hilo linaanzia kwenye tangazo la kazi na usaili, maana hata mwombaji kazi analindwa, na linagusa mshahara, mafunzo, uhamisho, kupandishwa cheo na kuachishwa kazi. Unyanyasaji kwa misingi hiyo nao ni ubaguzi. Bosi akidai ngono ili akupe ajira au cheo, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai. Ripoti TAKUKURU kwa kupiga 113, bila malipo.

Mama ana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Akirudi, hupewa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Na mwajiri akimzuia kurudi kazini baada ya likizo hiyo, kisheria amemwachisha kazi, hata kama hakuna barua iliyoandikwa.

Nani athibitishe?

Ukionyesha dalili za awali kwamba umebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua, au kwamba tofauti aliyoiweka ilitokana na mahitaji halisi ya kazi. Kwa hiyo kazi yako ni kuziweka dalili hizo vizuri:

- Andika kwenye daftari lako tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na waliosikia. Andika siku hiyohiyo.
- Tunza mkataba, slipu za mshahara, barua za pongezi na ujumbe wa simu. Usifute hata ule unaokuumiza kuusoma.
- Toa taarifa ya ujauzito kwa maandishi, ukiambatanisha cheti cha daktari, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
- Lalamika kwa maandishi kwa afisa rasilimali watu, na umshirikishe kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo.

Usichelewe

Kazini kusiposuluhika, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1. Ukiachishwa kazi una siku 30. Kwa migogoro mingine, kama kunyimwa cheo, una siku 60. Siku zikipita, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi. Mazungumzo ya ofisini hayasimamishi hesabu hiyo, kwa hiyo usikubali kuzungushwa na ahadi za "njoo wiki ijayo". Watumishi wa umma huanzia kwenye ngazi za rufaa za utumishi wa umma.

Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, lakini dai la ubaguzi analo tangu siku ya usaili. Akishinda aliyeachishwa isivyo halali, anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia.

Keshia yule, basi, asingoje simu. Aandike barua leo ya kuripoti kazini, aipeleke mwenyewe, abaki na nakala, kisha ahesabu siku zake 30.