Mwana au Mali?

Maandiko: Mwanzo 21:8-19; Wagalatia 4:1-7; Wafilipi 2:5-8



Mwenye nyumba akifa, watu hukaa chini wakahesabu. Orodha huwa mbili: wanaorithi na vinavyorithiwa. Je, nani huamua wewe uko orodha gani?

1. Orodha za zamani

Huko Pwani yetu, kabla sheria ya 1907 haijaondoa utumwa, mtumwa aliweza kurithiwa pamoja na nyumba na minazi. Lakini suria akimzalia bwana wake mtoto, na bwana akamkubali, mtoto huyo alikuwa huru na alirithi pamoja na ndugu zake. Mtoto aliyezaliwa na watumwa wawili, yaani mzalia, alibaki mali, hata kama walicheza wote kwa ua moja.

Sasa angalia Marekani. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake. Kwa hivyo mtu angezaa na mtumwa wake, afe, halafu mtoto huyo agawiwe ndugu zake wa baba mmoja kama vile ng'ombe. Na hao walikuwa watu wa kanisa! Jumapili wako ibadani.

Damu ni ile ile. Kilichotofautiana ni kalamu.

2. Kalamu ya Mungu

Hajiri na Ishmaeli walifukuzwa na mkate na kiriba cha maji, ili kijana asirithi pamoja na Isaka. Lakini Mungu aliisikia sauti ya kijana huyo jangwani.

Paulo anatufundisha kwamba sisi pia tulikuwa watumwa, tukakombolewa tuwe wana na warithi. Ilifanyikaje? Mrithi mwenyewe alichukua hali ya mtumwa. Alihamia orodha yetu ili sisi tuandikwe kwa yake.

3. Kalamu yetu

Nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita familia yetu iligawa shamba. Kwa sababu nimesomea biashara, niliambiwa niandike. Niliandika wajomba wote. Nikaandika ng'ombe, mikahawa, hata tangi la maji. Tata aliyemwuguza shosho mpaka mwisho alikuwa akituletea chai. Jina lake halikuwa upande wowote. Mimi ndiye nilishika kalamu, na nilinyamaza.

Nilikuwa ninajua Sheria ya Urithi, inayotumika Kenya tangu 1981, haibagui mtoto wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Nilikuwa nimesoma pia Hesabu 27, mabinti wa Selofehadi walipodai fungu lao na Mungu akasema wako sawa. Kujua hakukunisaidia, kwa sababu niliogopa wazee.

Mwaka huu nilimwendea tata nikamwomba msamaha. Aliniuliza swali moja: "Na shamba?" Wapendwa, msamaha bila shamba ni nusu. Mazungumzo yameanza upya, na si rahisi.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Kwenu, nani hufanya kazi ya mwana lakini hahesabiwi kama mwana?
2. Kama uko hai na una mali, umeandika wosia? Ni jina gani halimo?

Ombi: Baba, uliyetuandika sisi tusiostahili, tupe ujasiri wa kuandika jina la ndugu yetu. Amina.