Kusoma Hadithi ya Vita na Klabu ya Watoto

Kwa wasomaji wa miaka tisa hadi kumi na miwili, ningeanza na Number the Stars ya Lois Lowry, iliyotoka 1989. Ni riwaya fupi ya sura 17 kuhusu Annemarie wa Copenhagen, ambaye wazazi wake wanamficha rafiki yake Ellen, Myahudi, asikamatwe na Wanazi.

Mlezi wa klabu aimalize peke yake kwanza. Vifo vimo, ingawa havisimuliwi kwa kina, na kisa cha kifo cha dada yake Annemarie hufichuka mwishoni kabisa. Iwapo kundini yumo mtoto aliyewahi kukimbia vita, asiombwe kusimulia yaliyomkuta. Akitaka, atasema.

Mhadhara wa historia usubiri. Tandikeni ramani, muoneshe mlango wa bahari wa Øresund, ambao pale Helsingør una upana wa kilomita nne hivi. Watoto watashangaa Sweden, walikokimbilia Wayahudi wa Denmark, ilivyokuwa karibu, kisha watauliza wenyewe kwa nini kuvuka kulitisha.

Utamu wenyewe uko mwishoni mwa kitabu, Lowry anapoeleza kipi kilitokea na kipi alikibuni. Kabla hawajasoma hapo, waandike safu mbili: kweli na kubuni. Nadhani wengi wataweka kwenye kubuni kile kitambaa cha mkononi kilichopoteza uwezo wa mbwa wa kunusa. La, kilikuwepo, kikiwa na unga wa damu kavu na kokeini. Annemarie ndiye wa kubuni. Kweli pia ni kwamba Oktoba 1943 Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa hadi Sweden. Huenda mtu mzima akachomekea kwamba Mfalme Christian wa Kumi alijibandika nyota ya Wayahudi. Huo ni uzushi: Denmark, Wayahudi hawakulazimishwa kamwe kuivaa.

Swali la kuwagawa ni hili: je, Henrik, mjomba wake Annemarie, alifanya haki kumficha ukweli ili awe jasiri? Waacheni wabishane, mlezi asitoe hukumu.

Halafu tengeni kikao kingine, si dakika tano za kufungia, kwa wale ambao hawakuvuka. Watu wapatao 470 walikamatwa na kupelekwa kambi ya Theresienstadt. Miongoni mwao walikuwemo waliojificha darini mwa kanisa la Gilleleje, mji uleule wa wavuvi ambako hadithi inampeleka Ellen.