SOMO LA IGISORO: KETE MOJA SI YA BURE

Wandugu wanafunzi, katika igisoro wengi tunadharau kete iliyobaki peke yake shimoni. Kweli ni dhaifu, haiwezi kuanzisha mwendo. Lakini adui anakula tu kama shimo letu la mbele na la nyuma yake yote yana kete. Kete moja mbele, nyuma patupu: hailiwi! Tena mwendo wetu ukiishia kwenye shimo tupu, zamu imekwisha. Ukiishia juu ya ile kete moja, tunaendelea ao tunakula. Hiyo njo kazi yake.

Ila tusizidishe. Mwenye kete moja-moja tu katika mashimo yake yote hana la kucheza, ameshindwa.

Wakubwa wa darasa la mwisho, tusiwadharau wadogo wa mwaka wa kwanza. Someni 1 Wakorinto 12:22.