Sumu haichagui wa kumuua

SWALI

Mama, naishi Mkuyuni, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Nina robo ekari ya bustani: mahindi, nyanya, mipapai, migomba na mihogo kidogo. Humo ndimo inamotoka ada na mboga ya nyumbani. Tangu mahindi yaanze kubeba, tumbili wanashuka kila siku. Nyanya wanaing'ata mara moja, wanaitupa, wanachuma nyingine. Usiku nako mihogo inachimbuliwa. Nilisimamisha sanamu la nguo kuukuu, wakaliogopa siku chache tu. Sasa mwanangu wa darasa la sita nambakiza nyumbani alinde. Shemeji ameleta sumu, anataka nipake kwenye ndizi mbivu niziache pembezoni mwa shamba. Moyo unasita, lakini njaa haisubiri. Nifanye nini?

Mama aliyechoka, Mkuyuni

JIBU

Mwanangu, ndizi hizo usizipake. Leo hii ifungie sumu mahali ambapo mtoto hafiki, kisha umwone bwana shamba akuelekeze pa kuipeleka. Usiimwage mtoni wala usiifukie.

Ndizi mbivu iliyoachwa kando ya shamba haina jina la mlaji. Anaweza kuiokota mtoto anayetoka shule na njaa, au mbuzi wa jirani. Tumbili akiila akafa, mzoga wake utaliwa na mbwa na tumbusi, nao watakufa. Hivyo ndivyo tumbusi wengi wa Afrika Mashariki wanavyoangamia. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuua wanyamapori kwa sumu. Shemeji anakutakia mema, lakini kesi ikija, itakuja mlangoni kwako. Na baada ya yote hayo shida itakuwa palepale, maana chakula kikiwa bado kipo shambani, kundi jingine litakifuata.

Sasa tuwatenganishe wezi wako, kwa sababu ni zaidi ya mmoja. Tumbili hulala mtini tangu magharibi hadi alfajiri, kwa hiyo anayechimba mihogo usiku si yeye. Kesho asubuhi kagua yale mashimo. Ukiona miiba iliyodondoka na mihogo iliyogugunwa, huyo ni nungunungu. Ukiona udongo umefukuliwa ovyo na alama za kwato, ni nguruwe pori. Wote wawili hupita chini, kwa hiyo watazuiwa na uzio wa fito zilizobanana au wavu wa waya, uliozikwa ardhini kama futi moja ili wasichimbe chini yake. Zungushia kwanza lile tuta la mihogo peke yake. Bustani nzima itakugharimu mno. Fyeka vichaka vilivyo karibu, na mihogo iliyokomaa ing'oe kidogo kidogo badala ya kuiacha ikae.

Tumbili hazuiliki kwa uzio huo, ataupanda. Kwanza, lazima umjue akili yake. Mwaka 1980 watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Amboseli, Kenya. Walionyesha kwamba tumbili ana mlio wake kwa chui, mwingine kwa tai na mwingine kwa nyoka. Wakisikia wa chui hukimbilia mtini. Wa tai, hutazama juu au huingia kichakani. Wa nyoka, husimama wakachungulia majanini. Mnyama anayepambanua hatari kwa kiasi hicho hachelewi kugundua kwamba sanamu lako halijawahi kupiga hatua. Lihamishe kila jioni, libadilishe nguo, na pale lilipokuwa jana leo asimame mtu. Tumbili aendelee kuamini kwamba mtu huenda yupo.

Pili, mwondolee njia. Tumbili hapendi kuwa mbali na mti wa kukimbilia. Fyeka ukanda wa wazi kati ya miti na bustani, na msimu ujao mahindi na nyanya uzisogeze karibu na nyumba. Upande wa msitu panda pilipili, tangawizi na vitunguu, ambavyo havimvutii sana na sokoni vinauzika.

Tatu, vuna mapema. Nyanya ikianza kugeuka rangi ichume, itaivia ndani. Papai vilevile. Mkungu ukikomaa ukate, na kabla ya hapo uvishe kiroba. Matunda yaliyoanguka yaokote kila siku, maana ndiyo yanayomzoesha njia ya kuja.

Na mwanao arudi shule. Najua hukumbakiza kwa kupenda, lakini masomo anayoyakosa msimu huu hayatarudishwa na debe la mahindi. Tena si salama mtoto kukabiliana peke yake na kundi la tumbili. Mtu yeyote akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Nani alinde, basi? Wazee wetu walijenga dungu na kuamia kwa zamu, kwa sababu walijua kwamba mtu mmoja hawezi kulinda peke yake siku zote. Ukiwafukuza tumbili kwako wakahamia kwa jirani, naye akawarudisha kwako, wote mmepoteza siku na mazao. Kaya tano zinazopakana zikikubaliana, kila moja inatoa mtu mzima siku moja kati ya tano. Mkazo uwe asubuhi na alasiri. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji awaite mkutanoni; jambo hili si lako peke yako, ni aibu bure kulibeba kimya.

Andika pia kwenye daftari tarehe, mazao yaliyoharibiwa na mnyama aliyeonekana, kisha upeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori hatari, ila una masharti yake, kwa hiyo usipange ada ya watoto kwa kutegemea fedha hiyo. Faida ya daftari ni kwamba malalamiko ya kaya tano yaliyoandikwa ni vigumu kuyapuuza.

Sitakudanganya kwamba hutapoteza kitu tena. Anayelima kando ya msitu hupoteza kidogo kila msimu, hata akilinda vizuri. Lengo ni kidogo hicho kisiwe chakula cha watoto wako, na hilo linawezekana. Anza na uzio wa mihogo na mkutano wa majirani wiki hii. Ukanda wa wazi na mpangilio mpya wa mazao vitafuata ukishavuna.